Sinema za Kung Fu na Utamaduni Wetu: Nani Alaumiwe?

Siku ya soko Ngaramtoni, kando ya barabara iendayo Namanga, hukutana watu wa kila namna. Akina mama wa Kiarusha huteremka kutoka miteremko ya Mlima Meru na ndizi, maharage na viazi. Wazee hufika na mbuzi. Na majira ya jando yanapofika, vijana waliotahiriwa hupita katika mavazi meusi, nyuso zao zimepakwa rangi nyeupe, wakitazamwa na kila mtu. Tangu video ilipoingia katika miji yetu midogo, palikuwa pia na kibanda cha mabati, madirisha yake yamezibwa kwa magunia, ambamo vijana walijazana kutazama sinema za kung fu. Vishindo vya mapigano vilisikika hadi kwenye mizani ya maharage.

Tunaanza na kibanda hicho kwa sababu tuna deni nacho. Sisi tunaoandika makala haya ni walimu. Siku moja tuliwatoa humo wanafunzi wanne waliotoroka vipindi vya mchana, tukawachapa mbele ya wenzao, kisha tukawahutubia kwa kirefu juu ya ubaya wa kuabudu utamaduni wa kigeni. Tulipomaliza, mmoja wao aliuliza kwa adabu: "Mwalimu, na ya kwetu tutaitazama wapi?" Tulimwamuru akae chini. Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wasomi wanaoheshimika, wanaodai kwamba sinema za kung fu ni sumu iliyomwagwa katika bongo za vijana wetu. Husema kwamba zinafundisha ugomvi, zinaua ari ya kusoma, na zinamfanya kijana wa Kitanzania amjue Bruce Lee kuliko anavyomjua babu yake. Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini zina kasoro moja kubwa: zinatueleza kijana amependa nini, wala hazitaki kuuliza kwa nini amekipenda. Na mganga asiyeuliza chanzo cha ugonjwa huishia kumpiga mgonjwa.

Basi tuulize. Sinema hizi zilienea duniani mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka Hong Kong, ambayo wakati huo ilikuwa bado koloni la Mwingereza. Bruce Lee, aliyefariki tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, alikuwa tayari ametikisa majumba ya sinema kwa picha chache tu. Miongoni mwao ni ile ya mwaka 1972 iitwayo Fist of Fury. Humo, mwanafunzi wa chuo cha kung fu mjini Shanghai anarudi kumzika mwalimu wake na kukuta Wachina wakidharauliwa na Wajapani katika nchi yao wenyewe. Penye lango la bustani pana kibao kinachowakataza mbwa na Wachina kuingia. Kijana yule anaruka na kukivunja kibao kwa teke moja.

Ni nani asiyeelewa kwa nini watu wa Mlima Meru walishangilia teke lile? Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa kufuga ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwatetea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu wenye historia kama hiyo hawahitaji kufafanuliwa maana ya kibao cha bustani ya Shanghai. Waliokuwa wakishangilia gizani walikuwa wakiitambua habari yao wenyewe katika sura ya mtu mwingine. Huko si kuabudu ugeni hata kidogo.

Tena tukumbuke jinsi picha ile inavyokwisha. Vijana wetu wana msemo wao kwamba stelingi hafi. Lakini katika picha ile stelingi anajitoa mwenyewe ili chuo chake kisifungwe, na mwisho anazirukia bunduki zinazomngoja. Mwalimu anayedai kwamba sinema hizi hazina fundisho lolote ila ugomvi, ama hajaitazama picha hiyo, ama ameitazama huku amefumba macho.

Sababu ya pili ya mvuto wake inatuhusu sisi walimu zaidi. Neno kung fu lenyewe, kwa Kichina, lina maana ya ustadi upatikanao kwa juhudi na kwa muda mrefu. Mwaka 1978 Lau Kar-leung alitengeneza sinema iitwayo The 36th Chamber of Shaolin. Kijana ambaye mwalimu wake ameuawa na watawala wa Kimanchu anakimbilia hekalu la Shaolin, lenye vyumba thelathini na vitano vya mafunzo. Kwa kiburi cha ujana anachagua kuanzia chumba cha juu kabisa, anaaibika, na anarudishwa cha chini. Pale chini fundisho lenyewe ni kuvuka maji kwa kukanyaga vigogo vinavyoelea ili afikie chakula. Akiteleza, anakula akiwa ameloa. Kisha anabeba ndoo za maji huku mikono ameinyosha, ubavuni amefungiwa visu vitakavyomchoma akishusha mikono. Sehemu kubwa ya sinema hiyo haina vita. Ni kazi, kurudia na kuvumilia.

Hebu tujiulize, enyi walimu wenzetu: ni kitabu gani cha kiada kilichopata kuwakalisha vijana mia moja juu ya mabenchi yasiyo na egemeo, kwa saa mbili, wakimtazama mwanafunzi akifeli, akijaribu tena na akifeli tena? Sisi tunalalamika kwamba vijana hawataki kazi ngumu. Kumbe walikuwa wakilipa kiingilio ili wakaitazame kazi ngumu ikiheshimiwa! Walichokikataa ni adhabu isiyokuwa na maana. Kujifunza kwenyewe hawakukukataa.

Nao hawakuhitaji kujua Kichina wala Kiingereza. Mwili ulisema, nao walisikia. Baadaye wakatokea watafsiri wa picha, kama yule wa Dar es Salaam aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliozisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili chenye mizaha na methali. Hivyo umma haukukaa kimya ukilishwa. Uliitwaa picha, ukaitia kinywani mwake na kuisema upya kwa lugha ya taifa. Wanaolia juu ya kasumba wangepaswa kwanza kulipima jambo hilo.

Hatusemi kwamba sinema hizi hazina ila. Nyingi zilitengenezwa harakaharaka ili kuchuma fedha. Katika hizo kisasi ndiyo haki pekee, maisha ya mtu ni rahisi kama chungu cha udongo, na mwanamke mara nyingi huwekwa apate kuokolewa tu. Kijana anayetoka humo akamvunja mwenzake jino amekosa, na lazima aambiwe hivyo. Lakini dawa ya picha mbaya ni picha bora. Marufuku na kiboko havijapata kumfunza mtu kuchagua.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha hoja yetu. Yale yote ambayo kijana wa Ngaramtoni aliyafuata katika kibanda yamo nyumbani kwake. Layoni wa Kiarusha hufunzwa kuchunga, kustahimili njaa na baridi, kutii wakubwa wa rika na kutolia mbele ya kisu. Akishakuwa morani hupewa heshima pamoja na wajibu. Fimbo yake ina adabu: ana namna ya kuishika mbele ya mzee, na namna nyingine ya kuitumia dhidi ya chui. Kuruka kwake katika ngoma, mwili umenyooka kama mkuki, ni ustadi ambao mcheza kung fu yeyote angeuvulia kofia. Na si Waarusha peke yao. Watu wa pwani wana kirumbizi, mchezo wa fimbo wenye ngoma, mapigo na kujikinga. Nchi nzima imejaa mieleka, ngoma na michezo ya shabaha.

Je, haya yote yalionyeshwa wapi? Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 na kukabidhiwa kazi ya kuagiza na kusambaza sinema nchini. Ilitarajiwa pia kutengeneza za kwetu. Katika miaka ya 1970 tulipata Fimbo ya Mnyonge, na katika miaka ya 1980 Arusi ya Mariamu, nazo ni kazi za kujivunia. Lakini filamu ndefu za Kitanzania za miaka ile zilihesabika kwa vidole. Tunafahamu kwamba vifaa vilikuwa ghali na fedha za kigeni zilikuwa haba. Hata hivyo uhaba hauelezi kila kitu. Tulikuwa na hotuba nyingi juu ya utamaduni, na picha chache za utamaduni wenyewe. Ni wanafunzi wangapi wa Ngaramtoni waliopata kumwona Kirilo Japhet akisafiri katika sinema, wakamshangilia kama walivyomshangilia Bruce Lee? Pengo tuliliacha wenyewe, kisha tukamkasirikia aliyekuja kulijaza.

Wala kujifunza kutoka kwa wageni si aibu. Katika miaka ya 1960 serikali yetu iliwapeleka vijana China kujifunza sarakasi, nao waliporudi walilipatia taifa kikundi chake cha sarakasi. Jirani zetu wametuonyesha mfano wa karibu zaidi. Huko Wakaliga, kitongoji cha maskini mjini Kampala, Isaac Nabwana aliyependa sinema za mapigano alianza kutengeneza zake mwenyewe kwa fedha kidogo, kompyuta za kuungaunga na vijana wa mtaani waliojifunza kung fu. Sinema yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa duniani kote. Mtu anaweza kuibishia thamani yake, lakini hawezi kusema kwamba vijana wale walibaki watazamaji.

Leo kibanda cha magunia kimeingia mfukoni. Kijana anatazama mapigano yaleyale katika simu, peke yake, bila mtafsiri na bila wa kubishana naye. Lakini simu hiyohiyo ina kamera. Mwalimu anayetaka kuulinda utamaduni aache kunyang'anya simu na kuzifungia kabatini kana kwamba hiyo ndiyo kazi yote. Awatume wanafunzi wakamwendee mzee aliyekuwa morani, wamwombe aonyeshe namna ya kushika fimbo, wapige picha, waandike maelezo kwa Kiswahili fasaha, kisha wayaonyeshe shuleni mbele ya wazazi. Kazi hiyo haingojei wizara.

Kijana wa Shaolin, alipohitimu vyumba vyote thelathini na vitano, alipewa nafasi ya kuchagua chumba cha kusimamia. Aliomba chumba cha thelathini na sita, ambacho hakikuwapo: mahali pa kuwafundisha watu wa kawaida, nje ya kuta za hekalu. Wakubwa wake walikasirika. Mwishowe chumba kilifunguliwa.

Kwa yule mwanafunzi tuliyemwamuru akae chini, jibu letu ni hili: ya kwetu utaitazama siku tutakapoitengeneza pamoja. Na kwa viboko vile, tunaomba radhi.