Usafi wa Viwanja ni Sehemu ya Ulinzi

Ndugu askari na polisi, kipenga cha mwisho kinapolia na watazamaji wakatawanyika, huanza kazi nyingine ambayo mara nyingi haina mwenyewe. Sisi tunaowekwa kulinda amani katika michezo ya vyuo, hapa Tororo na kule Busia, huwa wa mwisho kuondoka uwanjani. Kwa hiyo tunayaona yale ambayo mgeni wa heshima hayaoni: chupa za maji yaliyonywewa nusu, mifuko ya plastiki ikipeperushwa hadi mitaroni, na masufuria ya posho na maharagwe yaliyopikwa kwa umati ambao haukufika.

Wako wenzetu wanaosema kwamba hayo ni mambo madogo, na kwamba bunduki haikutolewa ili kulinda chupa tupu. Hatukubaliani nao. Mtaro ulioziba hutuamisha maji, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Wilaya ya Tororo imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria kali. Askari aliyelala hospitalini hawezi kushika lindo. Tena mito yetu haijui mpaka. Mto Malaba huelekea bonde la Ziwa Kyoga, na Mto Sio huishia Ziwa Victoria. Taka iliyoachwa uwanjani leo, mvua ikinyesha, huwa taka ya jirani kesho.

Lipo pia suala la sheria. Upande wetu kipo Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007. Ng'ambo kipo Chuo Kikuu cha Alupe. Vijana wa pande hizi mbili wakitembeleana kwa michezo, huvuka mpaka wa nchi na mpaka wa sheria pia. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha miaka minne. Kwetu Uganda, sheria ya mazingira ya mwaka 2019 imekataza mifuko iliyo myembamba kuliko mikroni 30, lakini kavera zingali zinauzwa madukani mchana kweupe. Basi mwanafunzi anayevuka Busia akiwa amefunga mandazi yake ndani ya kavera anaweza kujikuta mashakani kabla ya kugusa mpira. Je, ni nani wa kumwonya mapema kama si polisi aliyesimama pale mpakani?

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha nyingi, na sisi tunaijua tangu siku za mafunzo. Kuruta hufundishwa kutunza kikombe na sahani yake. Na mwanamichezo naye aje na kikombe chake, achote maji safi katika pipa lenye bomba. Mpishi wa kambi hapiki kabla ya kupewa hesabu ya watu. Na chuo nacho kipeleke jikoni idadi ya wachezaji na wageni siku moja kabla. Mabaki wapewe wafugaji wa nguruwe, ambao hawakosekani katika vijiji vyetu. Vitambaa vya matangazo viandikwe bila tarehe ili vitumike tena mwaka ujao. Kisha, kabla ya kombe kutolewa, timu zote mbili zijipange mstari mmoja na kufanya fatiki ya kuokota taka. Wala tusiseme kwamba zitachomwa, maana plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Lakini hatuna haki ya kumwamrisha mwanafunzi jambo tusilolitenda wenyewe. Hapana budi tukiri kwamba baada ya michezo yetu ya vikosi, viwanja vyetu navyo havipendezi. Tumewahi kumwona askari aliyevaa sare safi akitupa chupa kupitia dirisha la gari, na watoto wa shule wakimtazama. Siku hiyo aliwafundisha somo ambalo hotuba kumi hazitalifuta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tunauona kwa macho yetu kila mwisho wa mchezo. Tuanze kuuziba katika kambi na vituo vyetu, ndipo tutakaposimama mbele ya vijana wa vyuo na kuwaagiza wainame waokote, nao wakatii kwa kuwa wametuona sisi tukiinama kwanza.