Oktoba 31 Si Usiku wa Shetani

Kila Oktoba inapoelekea mwisho, onyo lilelile hutolewa mimbarini na kusambazwa kwenye simu, mijini na hata milimani Usambara: Halloween ni sikukuu ya shetani, pipi zake zimenuiziwa, na mtoto anayevaa kinyago usiku huo amekabidhiwa kuzimu. Wakristo wengi huamini hivyo, na Waislamu wengi pia. Imani hiyo ni potofu. Historia inaikanusha, yanayofanyika usiku wenyewe yanaikanusha, na desturi za Lushoto, hukohuko Usambara, zinaikanusha.

Oktoba 31, siku ya Halloween, ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Kanisa la Magharibi limeiadhimisha Novemba 1 tangu karne ya 9. Siku inayofuata, Novemba 2, ni ya kuwaombea Marehemu Wote, desturi iliyoenezwa na watawa wa Cluny, Ufaransa, kuanzia karne ya 11. Wakatoliki wa Usambara wanazijua siku zote mbili, na hakuna anayewaita wachawi kwa kuwaombea wafu wao. Kabla ya Ukristo, watu wa Ireland walikuwa na Samhain, sikukuu ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, wakati ambao mizimu iliaminika kuwa karibu na walio hai. Shetani hakuwemo. Watu hao hawakuwa na habari zake mpaka walipoletewa na wahubiri wa Kikristo.

Hata kupita nyumba kwa nyumba kulianzia kwenye sala. Huko Uingereza, tangu mwishoni mwa zama za kati, maskini na watoto walibisha hodi siku hizo, wakapewa mikate midogo, nao wakawaombea marehemu wa nyumba iliyowapa. Ireland na Scotland ziliongeza vinyago na nyimbo. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliwapeleka Wairishi wengi Marekani, na huko wakapata maboga, ambayo yalichongeka kwa urahisi kuliko mizizi migumu waliyokuwa wakiitoboa kwao ili kutia taa ndani.

Lushoto ina ushahidi wa karibu zaidi. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na kazi yao ndiyo chimbuko la Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye makao yake Lushoto. Kila mwaka Walutheri hao huadhimisha Matengenezo ya Kanisa, wakikumbuka Oktoba 31, 1517, siku Martin Luther alipotoa hoja zake 95. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo waumini walimiminika Wittenberg kutazama masalia ya watakatifu wakitafuta rehema za kupunguziwa adhabu ya dhambi, jambo ambalo Luther alikuwa akilihoji. Mkesha uliolizaa Kanisa la Kilutheri hauwezi kuwa, kwa saa zilezile, mali ya shetani.

Yanayofanyika leo Marekani nayo hayana siri. Jua linapozama, wenye nyumba wanaopenda kupokea watoto huwasha taa ya mlangoni. Asiyetaka huzima yake, na watoto humpita bila kinyongo. Wadogo huongozana na wazazi, wakubwa kidogo hutembea kwa makundi. Huvaa kama wanyama, mashujaa wa filamu, mabinti wa kifalme, mifupa au mizuka. Hubisha hodi, hudai kitu kitamu la sivyo watafanya utundu, hupewa pipi, hushukuru na kwenda nyumba ya pili. Wenyeji hukaa ndani wakingoja hodi nyingine, wengine wakitazama filamu ya kutisha. Desturi hii ilienea Marekani miaka ya 1930, ikadhoofishwa na mgawo wa sukari wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha ikarudi kwa nguvu. Mwaka 1950 watoto wa Philadelphia walianza kuitumia kukusanya senti za kuwasaidia watoto wenzao kupitia UNICEF.

Hofu ya pipi zenye sumu nayo imechunguzwa. Mwanasosholojia Joel Best alifuatilia habari za aina hiyo zilizoripotiwa Marekani kuanzia 1958, na hakupata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa kwa pipi aliyopewa mlangoni na mtu asiyemjua. Kifo kinachotajwa mara nyingi, cha Texas mwaka 1974, kilikuwa kazi ya baba aliyemwekea sumu mwanawe mwenyewe. Hatari ya kweli iko barabarani. Uchunguzi wa ajali za Marekani kuanzia 1975 hadi 2016 ulionyesha kwamba jioni ya Halloween hatari ya mtembea kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari ni asilimia 43 zaidi kuliko jioni za kawaida za majira hayo. Mzazi anayemwombea mtoto dhidi ya mapepo na kusahau kumvalisha nguo inayoonekana gizani amekosea adui.

Watoto kupita nyumba kwa nyumba si jambo geni Usambara. Siku ya Idi watoto wa Lushoto, Soni na Mlalo huvaa nguo mpya na kuwatembelea ndugu na majirani, wakala pilau na kuondoka na pipi au sarafu. Pwani na Zanzibar zawadi hiyo huitwa mkono wa Idi. Krismasi ikifika, sahani za chakula huvuka ua kwenda kwa majirani. Oman, ambako wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili, watoto huzunguka mitaani katikati ya Ramadhani, usiku wa Qaranqasho, wakiimba na kukusanya pipi na karanga. Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, nyumba isiyopata mgeni huhesabiwa kuwa na bahati mbaya. Kiini cha desturi zote hizo ni mlango unaofunguliwa. Anayezikubali hizi na kuilaani ile ya Wairishi anahukumu ugeni wake, si ubaya wake.

Historia ya Wasambaa, wenyeji wa Usambara, inaongeza sababu ya kusita kulaani. Wazee wao walikuwa na fika, tambiko la kuwakumbuka na kuwatuliza marehemu wa ukoo. Aliyepatwa na maradhi au mikosi aliweza kuambiwa kwamba baba yake aliyekufa amesahauliwa, naye akachinja. Wamisionari waliyahesabu matambiko hayo kuwa upagani. Watu walioonja hukumu ya namna hiyo wangepaswa kuwa wa mwisho kuitumia dhidi ya wengine bila kuuliza kinachofanyika na kwa nini.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba mafuvu na sura za mashetani hazimfai mtoto. Hilo ni suala la malezi, na mzazi ana haki kamili ya kumchagulia mwanawe vazi la simba au la daktari. Ya pili ni kwamba Halloween imegeuzwa biashara, na katika kumbi za starehe za Dar es Salaam na Nairobi ni kisingizio cha ulevi. Hilo ni kweli, lakini ulevi huo huonekana pia mkesha wa Mwaka Mpya, na hakuna anayedai kwamba Januari 1 ni ya shetani.

Madhara ya imani hii ni makubwa kuliko ya pipi. Tanzania imekuwa na Sheria ya Uchawi tangu 1928, na bado wanawake wazee, hasa Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Kiongozi wa dini anayewafundisha watu kuona uchawi ndani ya pipi anawazoesha kuona uchawi kwa jirani.

Walio ughaibuni hupoteza kingine. Kuanzia 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi kutoka kambi za Tanzania, wengi wao wakiwa wameikimbia nchi yao mwaka 1972, na baadaye Wakongo wengi kutoka kambi ya Nyarugusu. Wapo wengi kati yao wanaozungumza Kiswahili, na onyo la nyumbani huwafikia kwa simu. Familia inayolitii huzima taa usiku ambao watoto wa mtaa mzima wanakuja kubisha hodi, nayo hubaki ngeni kwa majirani zake mwaka mwingine.

Lushoto haihitaji kuiga Halloween. Ina sikukuu zake za kutosha. Inachohitaji ni kuacha kuieneza hofu hii. Wahubiri wachunguze kabla ya kulaani. Wazazi walio Marekani wawashe taa na kuwapokea watoto wa jirani. Na walio milimani wasiwafungie geti watoto wa Idi na Krismasi.