Wavuvi Wanaokoa, Wakubwa Wanapiga Picha

Makamanda, tuambiane ukweli. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria, pale pale karibu na uwanja wa Bukoba. Ndani watu 43. Nani alifika kwanza? Wavuvi na mitumbwi yao. Hawana mafunzo, hawana vifaa, hawana posho. Wakapona watu 24.

Polisi wanamaji je? Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema uokoaji ulichelewa, boti haikuwa na mafuta ya kutosha na wazamiaji walikuwa na oksijeni pungufu. Watu 19 wakafa. Jamani, mafuta ya misafara ya ma-V8 mbona hayajawahi kuisha?

Baada ya hapo Majaliwa Jackson akapewa shilingi milioni moja na ajira Jeshi la Zimamoto. Kastahili, hongera yake. Lakini kumwajiri mvuvi mmoja mbele ya kamera siyo sera. Wenzake waliorudi mwaloni na nguo zimelowa walipata nini? Na ajali ijayo wataendea nini, kasia lile lile?

Rudi nyuma kidogo, 2018. Mwaka huo Operesheni Sangara ilipita kanda ya ziwa, nyavu zikachomwa moto, mvuvi akatendewa kama jambazi. Septemba 20 MV Nyerere ikapinduka jirani na gati la Ukara. Kivuko cha abiria 101 kilikuwa kimebeba watu mara mbili na zaidi. Waliokimbilia kuokoa ni hao hao "majambazi". Usiku ulipoingia uokoaji rasmi ukasitishwa. Siku mbili baada ya ajali fundi wa kivuko akakutwa hai ndani ya meli. Hai! Waliokufa ni 228. Tafakari hapo.

Chawa watasema uokoaji ni kazi ya wataalamu, raia wakae pembeni. Sawa, wataalamu wenyewe wako wapi? Mvuvi wa dagaa anakesha ziwani na taa zake usiku wa giza mpaka alfajiri. Anajua upepo, anajua mwamba uko wapi. Yupo tayari majini wakati ofisa bado anatafuta ufunguo wa stoo. Maji hayasubiri kibali.

Wenzetu walishaelewa. Uingereza wana RNLI tangu 1824, na mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea, ila wamefundishwa na boti wanapewa. Mwaka 1989 boti Marchioness ilizama mto Thames, wakafa watu 51. Mwaka 2002 mto ule ukawekewa vituo vya boti za uokoaji. Sisi tuna MV Bukoba tangu 1996, na bado tunategemea mtumbwi wa mtu binafsi.

Utaniuliza, kijana wa Ololosokwan ziwa linamhusu nini, huku kwetu ni ng'ombe na vumbi? Linanihusu sana. Juni 2022 walipokuja kupiga vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, sisi tulioishi na wanyama vizazi na vizazi tuligeuzwa wavamizi. Majeruhi wetu wakavuka mpaka kutibiwa Kenya. Tabia ni ile ile: mwananchi anayelinda ni mhalifu siku za kawaida, halafu ni shujaa siku ya msiba.

Tunachodai hakihitaji mwujiza. Kila mwalo upewe maboya, redio na mafunzo kupitia vikundi vya BMU. Mvuvi anayeacha nyavu zake kuokoa watu arudishiwe mafuta yake na awe na bima. Boti za doria zikaguliwe, na matokeo yawekwe hadharani.

Kamanda, mgombea akija kwako na fulana na kofia, muulize swali moja tu: mwalo wetu una boya ngapi? Akianza kujiumauma, jibu umeshalipata.