Kipya Kinyemi, Lakini Nani Hulipa?



Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Walijua kwamba moyo wa mwanadamu hushangilia kitu kipya hata pale kinapomuumiza. Katika siku zetu biashara kubwa za dunia zimeugeuza udhaifu huo kuwa shamba lao. Wanalima humo na kuvuna kila mwaka.

Tutazame simu ya mkononi, kwa kuwa ndiyo tunayoijua sote. Kila mwaka aina mpya hutangazwa, na ile iliyosifiwa jana huanza kuonewa aibu. Haijaharibika: inapiga, inapokea, inatunza picha kama zamani. Kilichobadilika ni jicho letu. Ndiyo maana katika makundi yetu yupo kijana anayeificha simu yake wakati wenzake wanapopiga picha baada ya Misa. Yupo anayekopa dola kwa riba ili asichekwe. Yupo dada anayepokea simu kutoka kwa mtu mzima, naye hajui bado atadaiwa nini baadaye. Aibu hiyo haikuzaliwa pamoja nasi. Ilitengenezwa, kama simu yenyewe ilivyotengenezwa.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme yalipatana mjini Geneva kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000 hivi, ingawa mafundi walikuwa na uwezo wa kutengeneza zenye kudumu zaidi. Kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilitozwa faini. Kazi njema ikawa kosa. Leo mbinu ni nyingine: batri hubandikwa kwa gundi ndani ya simu, na programu mpya hukataa kufanya kazi katika simu ya zamani. Ufaransa iliuona ubaya huo. Tangu 2015 sheria yake huhesabu kuwa kosa la jinai kufupisha kwa makusudi maisha ya kitu ili watu wanunue kingine.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya pekee ya kulitafakari. Ndani ya simu mna tantali, madini yatokayo katika koltani kama ile ya Kivu. Ndani ya batri mara nyingi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi. Mwaka 2000, dunia ilipozikimbilia simu na michezo ya elektroniki, bei ya koltani ilipanda ghafla mara kadhaa. Huku kwetu vijana waliacha shule na mashamba, wengine wakaingia kuchimba hata katika Mbuga ya Kahuzi-Biega, na wenye silaha wakapata fedha za kuendeleza vita. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wanunuzi walibaki na simu. Sisi tulibaki na mashimo.

Mwisho wa safari hiyo ni jalala. Umoja wa Mataifa umehesabu kwamba mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na haikufika robo yake iliyojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Shimo mwanzoni, jalala mwishoni, na katikati furaha ya miaka michache. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya 2015, aliuita huu utamaduni wa kutupa, akaonyesha kwamba huwatupa wanyonge kama unavyotupa vitu.

Mtu atauliza: tukinunua kidogo, mchimbaji wa Rubaya atakula nini? Swali hilo ni la haki. Lakini miaka zaidi ya ishirini ya haraka ya wanunuzi haijamjengea mchimbaji huyo nyumba imara, wala haijauzuia udongo usimporomokee. Anachohitaji ni bei ya haki, machimbo salama na amani. Haraka yetu haimpi hata kimoja kati ya hivyo.

Hatusemi kwamba kila kipya ni kibaya. Dawa mpya huponya, na simu imeziunganisha familia zilizotawanywa na vita. Tunajua pia kwamba vijana wa parokia moja hawatabadili soko la dunia. Lakini wanaweza kubadili jambo moja: ni nani anayeheshimiwa kati yao. Pale ambapo mwenye simu mpya hapewi kiti cha mbele, na mwenye simu ya zamani hachekwi, tangazo la biashara limepoteza nguvu yake.

Basi tuanze hapo. Kabla ya kununua, tujiulize: cha zamani kimekufa, au nimechoka kukitazama? Tuwape kazi na heshima mafundi wa simu walioko katika masoko yetu, Kadutu mjini Bukavu au Kenya mjini Lubumbashi, kwa maana kila simu wanayoifufua ni shimo moja lisiloharakishwa. Viongozi wa makundi wawaalike waje kuwafundisha vijana ufundi huo. Na yeyote asikope kwa ajili ya kuonekana.

Wahenga walituachia na neno jingine: usiache mbachao kwa msala upitao. Simu iliyo mkononi mwetu imekwisha kulipiwa kwa ardhi yetu na kwa jasho la ndugu zetu. Kuitunza mpaka mwisho wake ni namna ya kusema kwamba jasho hilo lina thamani.