Barua za Bibi si za Kuposti Tu

Najua nimekuwa kimya, test zilitubana na bumu nalo likachelewa, mnaelewa wenyewe maisha ya huku. Ila leo siongelei bumu. Nataka kuongelea huu mtindo ulioingia kwa kasi, mtu anafungua sanduku la babu au bibi, anapiga picha barua na picha za zamani, anazirusha mtandaoni ili tumsifie. Msimamo wangu nausema mapema, asiyeupenda aanze kujipanga: karatasi unaweza kuirithi, lakini siri iliyomo ndani hujairithi.

Nasema hivi kwa sababu limetokea kwetu Magoma. Kwa wasiopajua, Magoma iko Korogwe, chini ya milima ya Usambara, nchi ya mkonge. Enzi za mkoloni manamba waliletwa huku kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, wakafanya kazi kwa kipande cha siku 30, na wengine hawakurudi tena makwao. Sehemu ya namna hiyo lazima iwe na barua nyingi, maana kila nyumba ina ndugu aliye mbali. Masanduku ya bati yamejaa.

Sasa binamu yangu mmoja akakuta barua ya mwaka 1968 kwenye sanduku la bibi. Bibi yupo hai, akili timamu, na wakati sanduku linafunguliwa alikuwa nje anachambua mboga. Hakuulizwa. Barua aliiandika marehemu babu kipindi anamchumbia, yeye akiwa kazini mbali. Mwandiko mzuri wa wino, salamu peke yake mistari sita. Ikapigwa picha, ikaenda Facebook. Watu wakaipenda kwelikweli, kila mtu anasema mapenzi ya zamani ndo yalikuwa mapenzi, vijana wa siku hizi mnaandika "mambo" mnategemea kuolewa.

Tatizo lilikuwa aya ya tatu. Pale babu anajibu habari aliyopewa na bibi, kwamba binti wa jirani amepata ujauzito, na anamtaja mwenye mimba. Binamu hakuisoma mpaka huko. Watu wa Magoma waliisoma.

Mtoto wa mimba ile leo ni mzee mwenye wajukuu. Baba aliyemjua yeye, aliyemlea na yeye akaja kumzika, siye aliyetajwa kwenye barua. Habari ilimfikia kupitia simu ya mjukuu wake. Hakupiga kelele. Alikuja nyumbani, akamuomba bibi wazungumze wawili, wakakaa ndani muda mrefu. Tangu siku hiyo bibi haendi tena kwenye mikutano ya kikundi chao cha kina mama, anasema atawatazamaje watu. Posti ilifutwa siku ya tatu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilishaingia kwenye makundi ya WhatsApp.

Nilipolisimulia hili vimbwetani, wenzangu wawili watatu walinijia juu. Eti si ni barua ya bibi yake? Si mali ya familia? Jamani, hebu tuhesabu pamoja. Kwenye barua kuna aliyeandika, kuna aliyeandikiwa, na kuna anayesemwa. Aliyeandikiwa ana karatasi. Aliyeandika bado ana haki juu ya maneno yake, hata sheria za hakimiliki zinaliona hivyo, ndo maana kupewa barua si sawa na kupewa ruhusa ya kuichapisha. Yule wa tatu hana karatasi wala maneno. Ana jina lake tu, na ndilo lililotumika bila yeye kujua. Kwa hiyo hata bibi angesema "posti tu mjukuu wangu", bado angekuwa ameruhusu sehemu yake. Sehemu ya yule binti wa jirani hana uwezo nayo.

Mmoja akaniuliza swali zuri. Akasema, kwa mtindo wako huo tusingepata barua za Shaaban Robert. Hapo kidogo nikanyamaza, maana anasoma Kiswahili na anajua anachosema. Shaaban Robert, mtu wa huku huku Tanga kwetu, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958. Ulenge naye alikuwa mwandishi. Barua zile zikatunzwa, na mwaka 2002 TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazitoa kitabu. Ndani kuna mambo ya kazi, ya familia na ya mahangaiko ya kuandika vitabu. Bila zile barua tungemjua Shaaban Robert wa mashairi tu, tusingemjua kaka anayemwandikia mdogo wake.

Sasa mi naona mfano huo unanisaidia mimi zaidi. Barua zilitoka miaka 40 baada ya mwandishi kufariki 1962. Zilipita mikononi mwa wahariri wanaosoma mpaka aya ya mwisho. Na zilitoka kwa sababu yupo mtu aliyezitunza miaka yote hiyo bila kuzitembeza. Kutunza na kuanika ni vitu viwili. Ulenge angeweza kuzianika mapema, kaka yake alikuwa mtu maarufu. Hakufanya hivyo. Na hata pamoja na subira yote hiyo, sina uhakika kama kila ndugu aliyesemwa kwenye barua za mtu mkubwa huwa anafurahi. Ila angalau hapo kuna kitu taifa limepata, tunaweza kukiweka kwenye mizani. Barua ya babu yangu taifa lilipata nini? Laiki mia tatu na kitu.

Na msije mkadhani nasema tuchome masanduku. Mi nasomea ualimu, na historia ni somo langu la kufundishia. Kwenye mada ya vyanzo vya historia tunawafundisha watoto kwamba nyaraka na masimulizi ya wazee ndo msingi. Sanduku la bati la Magoma lina historia ya mkonge ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha kiada. Natamani sana siku moja wanafunzi wangu waisome. Lakini mwalimu anaweza kufunika jina. Anaweza kusoma aya mbili za kwanza akaacha ya tatu. Anaweza kwenda kwa mwenye sanduku akapiga hodi.

Picha nazo zina mambo yake. Kuna picha ya bibi mwingine wa hapo kijijini, amepigwa studio akiwa binti, sketi fupi, wigi limekaa sawasawa. Ni ya miaka ile ile ambayo Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi na mawigi. Leo huyo bibi ni hajati. Wajukuu wanataka kuiweka mtandaoni ili wacheke. Inawezekana kabisa na yeye angecheka, tena kuliko wao. Ila kicheko hicho ni cha kwake kukianzisha. Yule binti wa kwenye picha amegeuka kuwa mtu mwingine, na mwenye haki ya kuwakutanisha hao wawili mbele za watu ni yeye.

Wapo pia wasio na wa kuulizwa. Mwaka 2008 Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, iliweka zaidi ya picha 80,000 kwenye Wikimedia Commons. Zimo za Walther Dobbertin, aliyepiga picha hapa kwetu enzi za Wajerumani. Ukizipitia unakuta Mzungu ana jina na cheo, Mwafrika mara nyingi ni "askari" au kabila lake basi. Nashukuru zipo, maana nchi yetu naiona humo. Lakini kila nikizitazama najiuliza nani aliwauliza wale watu, na mjukuu wao yuko wapi sasa hivi. Kama tunamlaumu mkoloni kwa kumpiga mtu picha na kumsambaza bila kumuuliza, tusije tukamfanyia hivyo hivyo bibi mzaa mama.

Sheria ipo, msiseme haipo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini ni nani kule Magoma atampeleka mjukuu wake mahakamani? Mambo haya yanaishia kwenye ukoo, na kwenye ukoo kinachotulinda ni adabu.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha anaona kila kitu, kovu, ugonjwa, hata kitu ambacho mke hakuwahi kukiona, na akitoka pale anaongelea maji na sanda tu. Anayefungua sanduku la marehemu ni mwosha. Zamani waliokuwa wanafanya kazi hiyo kijijini ni walimu. Asiyejua kusoma alimpelekea mwalimu barua yake, mwalimu akamsomea, akamwandikia na jibu. Mwalimu alijua nani anadaiwa, nani kaachwa, nani ana mtoto nje. Angekuwa na mdomo, kijiji kisingekalika. Sisi ndo tunaokwenda kurithi hizo kazi, wenzangu wa elimu. Tutapewa siri za watoto na za wazazi wao kabla hata hatujamaliza mwezi wa kwanza kazini.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukikuta barua, isome yote kabla hujatoa simu. Kama mwenyewe yupo hai, muulize, na umuonyeshe itakwenda wapi na nani ataiona, maana mzee akisikia "intaneti" anaweza kudhani ni albamu. Kama kuna mtu anasemwa vibaya humo, yeye au watoto wake waulizwe, na wasipopatikana funika jina au acha. Ukiona aibu kwenda kuuliza, basi jibu umeshalipata.

Ni hayo tu kwa leo, ngoja niwahi maktaba kabla viti havijaisha. Mnaonipinga nipo vimbwetani kuanzia saa kumi, njooni na hoja.