Kiziwi Naye Ana Haki ya Kuamshwa kwa Swala



Adhana ya Alfajiri ikitoka, nyumba nzima huamka. Je, kijana wetu kiziwi? Mara nyingi hungoja mtu akumbuke kumtikisa bega. Akisahauliwa, swala humpita, na Ramadhani daku humpita vile vile. Swala ni faradhi juu yake kama ilivyo juu yetu, hivyo tunaona si haki kumwacha ategemee kumbukumbu za wengine, hali njia rahisi ipo: mtetemo.

Simu ya mkononi ikitegwa itetemeke chini ya mto huweza kumwamsha. (Tahadhari: isichajiwe ikiwa chini ya mto, inaweza kushika moto.) Zipo pia saa za kuamshia zenye kidude cha kuweka chini ya mto au godoro, ambacho hutikisika wakati ukifika. Mchana, saa ya mkononi inayotetema humkumbusha Adhuhuri na Alasiri.

Wataalamu wamefika mbali zaidi. Mwaka 2015 Dk. David Eagleman wa Marekani alionyesha fulana ambayo yeye na Scott Novich waliibuni. Maikrofoni hupokea sauti, kompyuta huichambua, kisha vimota vidogo hutetema sehemu mbalimbali za mwili. Baadaye kampuni aliyoianzisha ilitoa bangili yenye vimota vinne. Kwa mazoezi, mvaaji hujifunza kutambua sauti za mazingira yake. Lakini ngozi haisikii sauti nyembamba kama sikio, kwa hiyo lugha ya alama bado ni lazima.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa upungufu wa kusikia. Wengine ni jamaa zetu. Abdullah bin Umm Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, na bado alikuwa muadhini wa Mtume (S.A.W.). Hakuwekwa pembeni. Vipi sisi tumweke pembeni kiziwi?

Wazazi, tunapopanga matumizi ya Idd, tukumbuke na saa ya mtoto huyu. Kamati za misikiti zitenge fungu la sadaka kwa wasio na uwezo, na zitafute mkalimani wa lugha ya alama kwa khutba ya Ijumaa. Nanyi wanafunzi, msaidieni mwenzenu kutega nyakati za swala katika simu yake. Ni kazi ya dakika chache, na ujira wake uko kwa Allah, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.