Kwanza Somo, Halafu Chombo



Katika nyumba nyingi siku hizi husikika neno hili. Kijana amepata diploma ya Serikali, jamaa wote wameshangilia, na jina lake limekwisha kuandikwa katika chuo kikuu. Jioni anamwendea baba yake, anamwambia: «Baba, uninunulie simu kubwa, maana pasipo simu hapana masomo.» Baba anahesabu franga zake. Akinunua simu, karo itapunguka. Akilipa karo yote, mtoto atanung'unika. Mama ananyamaza, lakini moyoni anawafikiri wadogo walio bado shuleni. Je, baba ajibu nini?

Tusijibu kwa haraka. Yafaa kwanza tuwatazame wale waliolijaribu jambo hili kabla yetu, tena kwa fedha nyingi kuliko zetu.

Huko Marekani, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, kiko Chuo Kikuu cha Duke. Mwezi wa Agosti mwaka 2004 wakubwa wa chuo hicho waliwapa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, watu zaidi ya 1,600, kila mmoja iPod yake. iPod ilikuwa chombo kidogo cha kuenea katika kiganja cha mkono. Kazi yake hasa ilikuwa kuweka nyimbo na kuzisikiliza. Ndani yake chuo kilitia maneno ya kuwakaribisha wageni, kalenda ya masomo, na habari nyingine za maisha ya mahali pale. Pamoja nayo alipewa mwanafunzi kinasa sauti cha kuchomeka juu yake. Kazi yote ilikadiriwa kugharimu dola 500,000, nayo ilikuwa ya kujaribu kwa mwaka mmoja.

Watu walisema mengi. Wengine waliona kwamba chuo kimepata akili mpya. Wengine waliuliza kama ni kazi ya chuo kikuu kuwagawia vijana kichezeo cha nyimbo. Lakini twawasifu wakubwa wale kwa jambo moja: hawakutosheka na kusifiwa wala hawakukimbia lawama. Mwaka ulipokwisha walikaa, wakauliza: chombo hiki kimefanya kazi gani?

Wakaona mambo mawili. La kwanza: mahali mwalimu alipokuwa na haja ya sauti, iPod ilisaidia kweli. Mwenye kujifunza lugha ya kigeni aliweza kusikia matamshi mara kumi, njiani au kitandani, bila kumchosha mtu. Mwenye kusoma muziki alichukua nyimbo za somo popote alipokwenda. Wanafunzi wengi walinasa maneno ya walimu wao ili wayasikilize tena. La pili: masomo yaliyokitumia chombo hicho yalikuwa machache. Katika mengine iPod ilibaki vile ilivyotoka kiwandani, yaani sanduku la nyimbo.

Basi katika mwaka 2005 waligeuza shauri lao. Hawakuwapa tena wote kwa sababu tu ni wanafunzi wapya. Walimpa yule ambaye somo lake lilikihitaji chombo. Hawakusema kwamba iPod ni mbaya. Walisema tu: kwanza somo, halafu chombo. Neno hilo waliligharimia fedha nyingi. Sisi twalipokea bure.

Miaka michache baadaye, chuo kingine kilishika njia yake. Ni Abilene Christian University, katika jimbo la Texas. Mwezi wa Februari 2008 kilitangaza kwamba wanafunzi wapya wa mwaka huo watapewa simu iitwayo iPhone, au ndugu yake iPod touch isiyopiga simu. Lakini angalieni tofauti. Kabla ya kugawa, wenyeji wa chuo walikuwa wamekwisha kutengeneza programu za kazi za kila siku: kumkumbusha mwanafunzi kazi alizopewa, kumwonyesha njia ya kufika kwenye ofisi ya mwalimu, kumjulisha fedha za chakula zilizomsalia. Tena darasani mwalimu aliweza kuuliza swali, nao wote wakajibu kwa chombo. Ninyi wanafunzi mwajua jinsi ilivyo: mwalimu akiuliza, «Mmeelewa?» wote huitikia, «Ndiyo,» na nusu hawakuelewa. Majibu ya chombo yalimsaidia mwalimu kuona ukweli, na mwenye haya hakulazimika kuinua mkono mbele ya wenzake.

Hata hivyo zawadi ile ilikuwa na mkia wake. Aliyechagua iPhone alilipa mwenyewe, kila mwezi, fedha za kuitumia. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Siku ya kununua simu si mwisho wa gharama, ni mwanzo. Baada yake huja mega za kila juma, na mahali pa kutia umeme, na kioo kikivunjika.

Mfano wa tatu ni wa Seton Hall, chuo kikuu cha Kikatoliki katika jimbo la New Jersey. Mwaka 2012 chuo hicho kiliwapa wanafunzi wapya simu aina ya Nokia Lumia 900. Ilikuwa mpya kabisa: ilianza kuuzwa huko Marekani mwezi wa Aprili mwaka uleule. Lakini mwezi wa Juni Microsoft, wenye kutengeneza programu ya kuiendesha, walitangaza kwamba programu yao mpya haitaingia katika simu hizo. Basi kabla masomo ya mwaka hayajaanza, simu ilikuwa imekwisha kuanza kuzeeka! Na iPod zile za Duke ziko wapi leo? Mwaka 2022 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba haiundi iPod tena. Lakini yule aliyejifunza lugha kwa iPod mwaka 2004, lugha hiyo angali nayo. Chombo kimekufa, elimu inaishi.

Sasa turudi kwa baba na franga zake. Hatusemi akatae. Simu ya mkononi imekuwa chombo cha kweli cha kazi, na kijana aliye mbali na kwao aihitaji. Lakini kabla ya kufungua mfuko, baba amwulize mwanawe maswali matatu, kwa upole, pasipo kumdharau. Somo gani laihitaji simu hii, na utaifanyia nini kila siku? Simu ndogo zaidi haiwezi kazi hiyo? Na mega utazipata wapi mwezi wa pili na wa tatu? Kijana akijibu vema, anunuliwe bila manung'uniko. Akibabaika, angoje kwanza muhula mmoja, ayajue masomo yake, ndipo aombe tena. Chuo chenye mali nyingi hakikuona haya kugeuza shauri lake baada ya mwaka mmoja. Kwa nini baba aone haya kungoja miezi michache?

Nanyi vijana, tuwaambie neno moja linalotuhusu sisi watu wa Kongo kuliko wengine. Ndani ya betri za simu nyingi mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu, huko Lualaba na Haut-Katanga. Jiwe hutoka kwetu likiwa jiwe. Hurudi kwetu likiwa ndani ya simu, nasi twalinunua kwa jasho la miezi mingi. Kati ya jiwe lile na simu hii pana nini? Pana hesabu, pana fizikia na kemia, pana miaka ya watu waliokaa vitini wakasoma. Pana elimu. Mwenye kununua simu na kuifanya sanduku la nyimbo tu, ameilipia elimu ya wengine akaiacha yake mwenyewe. Bali mwenye kuitumia asome kemia yake, huenda siku moja akajua kulifanyia kazi jiwe lile hapa hapa, nyumbani kwa baba yake.

Jembe la mvivu na jembe la mkulima hununuliwa dukani kwa bei moja. Tofauti huonekana wakati wa mavuno.